Koo Lisilopona: Tusikate Kimeo, Tukapimwe

Mwaka jana nilikutana na kikundi kimoja cha akina mama siku yao ya mchango. Mama mmoja akaniambia, "Sista, hii homa imenishika wiki tatu sasa. Koo inaniwasha, nakohoa, mwili wote unauma. Jirani alinigawia dawa yake ya rangi mbili, nikameza vidonge vitano, wapi!" Mwenzake akadakia, "Hicho ni kimeo. Kikatwe tu."

Ndugu wapendwa, hebu tulizungumze jambo hili.

Koo likiuma pamoja na mafua na chafya, mara nyingi ni virusi tu, na mwili huvishinda kwa muda wa wiki moja hivi. Pumzika, kunywa vinywaji vya moto, sukutua kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo. Dawa za kuua bakteria haziui virusi. Tena kumeza vidonge vitano na kuacha ni kuwafundisha bakteria kuizoea dawa.

Lakini wiki ikipita na hupati nafuu, nenda kituo cha afya. Huenda ni mojawapo ya haya:

1. Kifua kikuu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, kukonda. Katika vituo vya serikali dawa zake hutolewa bila malipo.

2. Virusi vya ukimwi. Wiki 2 hadi 4 baada ya kuambukizwa, wengine hupata homa, koo kuuma, tezi kuvimba na vipele. Baadaye, kinga ikipungua, utando mweupe waweza kuota mdomoni na kooni. Mtu akipimwa mapema mno, kipimo chaweza kukosa kuonyesha, kwa hiyo arudie jinsi atakavyoelekezwa.

3. Homa ya tezi. Huwapata sana vijana. Tezi za shingo huvimba na uchovu hukaa wiki nyingi. Hii nayo ni virusi.

4. Moshi wa kuni au kiungulia. Koo huwasha kila siku, lakini hakuna homa.

Mtoto wa miaka 5 hadi 15 asingojee wiki hiyo. Koo likimuuma ghafla, ana homa kali, tezi za chini ya taya zimevimba, wala hana mafua wala kikohozi, huenda ni bakteria. Koo laweza kupoa lenyewe mkadhani amepona. Wiki mbili tatu baadaye viungo vinavimba na moyo unashikwa. Vali za moyo zikiharibika, hazirudi kama zamani; wengine huhitaji kupasuliwa. Na kinga yake ni nini? Ni penisilini tu: sindano moja, au vidonge vya siku 10 bila kuruka, hata akianza kucheza siku ya tatu.

Na kimeo? Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo sicho kinacholeta ugonjwa. Kukikata kumewamwagia watoto damu nyingi, na wembe mchafu huleta pepopunda na virusi.

Kimbilia hospitali siku hiyo hiyo ikiwa mgonjwa anapumua kwa shida, anashindwa kumeza hata mate, hawezi kufungua mdomo, au shingo imekakamaa.

Yule mama tulienda naye akapimwa makohozi. Kilikuwa kifua kikuu. Alimeza dawa miezi 6, watoto wake nao wakapimwa, na sasa amerudi shambani. Kama angalingojea kimeo kikatwe, sijui tungekuwa tunasema nini leo.

Ya kujadiliana kikundini:
- Ni nani kati yetu anakohoa zaidi ya wiki mbili, na nani atamsindikiza?
- Je, mfuko wa kikundi waweza kumkopesha mwenzetu nauli ya kwenda hospitali?
- Nyumbani mwetu kuna dawa zilizobaki tunazogawiana?