Mshumaa mmoja, nyaya 1,600: moto wa Browns Ferry uliobadilisha sheria za vituo vya nyuklia

Siku ya posho, tarehe 22 mwezi wa tatu 1975, saa sita na dakika ishirini mchana, mafundi wawili walikuwa wakitafuta tundu ukutani kwa mshumaa. Walikuwa chini ya chumba cha uongozi cha kituo cha nyuklia cha Browns Ferry, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Muda mfupi baadaye moto ukashika, ukaingia ndani ya ukuta, na ukachukua zaidi ya saa saba kuzimika. Uliunguza nyaya zaidi ya 1,600.

Hakuna aliyekufa siku hiyo, na sumu ya nyuklia haikutoka nje ya kituo. Lakini mojawapo ya vinu ilipoteza mitambo yake ya dharura ya kupoza, na wasimamizi wake wakabaki na pampu ndogo ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Tangu hapo, namna ya kupanga, kufunika na kulinda nyaya za umeme katika vituo vya nyuklia imekuwa jambo la sheria.

Kwa nini mshumaa?

Browns Ferry kilikuwa kituo kipya, kando ya mto Tennessee, mali ya shirika la umeme la serikali, TVA. Kinu cha kwanza na cha pili vilikuwa vikitoa umeme kwa nguvu zote. Cha tatu kilikuwa bado kinajengwa.

Chini ya chumba cha uongozi kulikuwa na chumba cha nyaya. Humo maelfu ya nyaya zinakutana kutoka kila upande wa kituo, zinalala juu ya ngazi za chuma, kisha zinapita kwenye matundu ya ukuta kwenda kwenye jengo la kinu. Zingine zinabeba umeme wa kuendesha pampu, zingine zinabeba amri ya kufungua na kufunga valvu, na zingine zinaleta habari za joto, presha na kiasi cha maji.

Jengo la kinu lazima lizibwe vizuri. Hewa ya ndani inawekwa kwenye presha ndogo kuliko ya nje, ili kukiwa na tundu hewa iingie ndani badala ya kutoka na sumu. Kwa hiyo kila tundu ambamo nyaya zinapita linapaswa kuzibwa, na mafundi wanapaswa kuhakikisha kwamba hewa haipiti.

Njia waliyozoea ilikuwa rahisi: kusogeza mshumaa karibu na tundu. Ulimi wa moto ukiinama, hewa inapita. Siku hiyo uliinama. Fundi mmoja alichukua vipande vya povu la plastiki, aina ya sponji inayotumiwa kwa magodoro, akaviingiza katika tundu. Kisha akasogeza mshumaa tena kupima kazi yake. Hewa ikavuta ule ulimi wa moto hadi ndani, na povu likawaka.

Walijaribu kuupiga kwa tochi, kisha kwa matambara, kisha wakaleta mitungi ya kuzimia moto. Lakini moto ulikuwa umekwisha kupita upande wa pili wa ukuta, ukivutwa na ile hewa iliyowekwa kwa ajili ya usalama. Karibu dakika kumi na tano zilipita kabla ya kengele ya moto kulia.

Uchunguzi ulionyesha baadaye kwamba haukuwa moto wa kwanza wa aina hiyo. Siku mbili mbele, mshumaa uliwasha moto wa namna hiyo, ukazimwa haraka, na kazi ikaendelea kama kawaida.

Taa zinawaka, taa zinazima

Katika chumba cha uongozi, wasimamizi wa kinu cha kwanza waliona mambo ambayo hawakuyaelewa. Pampu za dharura zilianza zenyewe bila sababu. Wakazizima, zikaanza tena. Taa za meza ya uongozi ziliwaka sana, zikafifia, zikazima. Moshi ukaanza kuingia.

Waya ukiungua haukatiki tu. Ngozi yake ya plastiki inayeyuka kwanza, shaba ya ndani inabaki wazi, na waya mmoja unagusa mwingine. Umeme unapita mahali ambapo haukupaswa kupita. Mashine inapokea amri ambayo hakuna mtu aliyeitoa, au inaonyesha kwamba valvu imefungwa wakati iko wazi. Hatari hiyo ni kubwa kuliko giza, kwa sababu inamdanganya mtu anayepaswa kuamua.

Saa sita na dakika 51 walizima kinu cha kwanza. Dakika chache baadaye walizima cha pili. Lakini kinu cha nyuklia hakizimi kama jiko la makala linalomwagiwa maji. Hata kikisimamishwa, mafuta yake ya urani yanaendelea kutoa joto kwa siku nyingi. Lazima maji yafike juu yake muda wote. Yakikauka, mafuta yanayeyuka.

Katika kinu cha kwanza, mitambo yote ya dharura ya kuleta maji ilikatika. Kwa kawaida maji yanasimama karibu mita tano juu ya mafuta. Mchana huo yalishuka hadi mita moja na sentimita ishirini hivi. Wasimamizi waliteremsha presha ya kinu ili pampu za kawaida ziweze kusukuma maji ndani. Jioni wakapoteza uwezo wa kufungua valvu za kupunguza presha, na kwa saa kadhaa wakategemea pampu ndogo ya mfumo wa fimbo za kinu. Hata hivyo maji hayakupungua hadi kufikia mafuta.

Maji yaliyokataliwa

Kikosi cha wazima moto cha mji wa Athens, ulio karibu, kilifika mchana. Mkubwa wake aliona nyaya zinaungua ndani ya jengo na akashauri maji yatumiwe. Wakuu wa kituo wakakataa. Waliogopa kwamba maji juu ya nyaya zenye umeme yangeweza kuua watu, au kuharibu mashine chache zilizokuwa bado zinafanya kazi.

Kwa hiyo waliendelea na poda na gesi. Vitu hivyo vinazima ulimi wa moto lakini havipozi. Nyaya zilizolala kwa mafungu zinahifadhi joto ndani, na poda ikiisha, moto unarudi. Ilikuwa hivyo kwa saa nyingi. Jioni ruhusa ya maji ilipotolewa, kazi haikuchukua muda mrefu tena. Saa moja na dakika 45 usiku moto ulikuwa umezimika.

Hesabu ilionyesha zaidi ya nyaya 1,600 zilizoharibika, kati yake zaidi ya 600 zikiwa za mitambo ya usalama. Vinu viwili vilikaa bila kutoa umeme kwa karibu mwaka mmoja na nusu.

Funguo mbili, kamba moja

Swali kubwa la wachunguzi halikuwa mshumaa. Watu hukosea kila mahali, na kituo cha nyuklia kinajengwa kwa kujua hilo. Kwa hiyo kila kazi ya usalama ina mitambo miwili au zaidi: pampu moja ikikataa, nyingine inafanya kazi. Kwa nini basi moto mmoja uliangusha yote?

Jibu lilikuwa ndani ya nyaya. Pampu zilikuwa mbali moja na nyingine, lakini nyaya zake zilipita karibu. Ni kama mtu mwenye funguo mbili za nyumba, ili akipoteza moja aingie kwa nyingine, lakini amezifunga zote kwenye kamba moja.

Tume ya Kudhibiti Nyuklia ya Marekani (NRC) ilikuwa na miezi miwili tu tangu ianze kazi wakati moto ulipotokea. Ilichukua zaidi ya miaka mitano kuandika sheria kamili, iliyotangazwa mwishoni mwa 1980 na kuanza kutumika mwezi wa pili 1981. Inajulikana kama Nyongeza R. Msingi wake ni kwamba moto wowote ukitokea mahali popote ndani ya kituo, lazima ibaki angalau njia moja iliyo salama ya kuzima kinu na kukipoza.

Kwa nyaya za mitambo miwili inayofanya kazi moja, sheria ilitoa njia tatu. Ya kwanza: kuzitenganisha kwa kizuizi kinachoweza kusimama mbele ya moto kwa saa tatu. Ya pili: kuziweka mbali zaidi ya futi 20, yaani mita sita hivi, bila kitu chochote kinachoweza kuwaka katikati, pamoja na vifaa vya kugundua moto na mabomba ya kuuzima yanayojifungua yenyewe. Ya tatu: kufunika nyaya za upande mmoja kwa kifuniko cha kuvumilia moto kwa saa moja, pamoja na vifaa hivyo hivyo.

Waya wenyewe unapimwaje?

Sharti lingine linahusu waya wenyewe. Kipimo kilichoandikwa na wahandisi wa Marekani mwaka 1974, na ambacho kimekuwa msingi wa vingine, ni cha kuona kwa macho. Nyaya zinafungwa kwenye ngazi ya chuma iliyosimama, yenye urefu wa mita 2.4. Chini yake jiko la gesi linawaka kwa dakika 20. Moto ukipanda hadi juu kabisa, waya umeshindwa. Ukiishia njiani na kufa wenyewe, umepita.

Kushinda kipimo hicho hakumaanishi kwamba waya hauungui. Kunamaanisha kwamba hausafirishi moto kutoka chumba kimoja hadi kingine. Ngozi ya waya nayo ina maana. Plastiki ya PVC, inayotumiwa katika nyumba nyingi duniani, inatoa moshi mweusi wenye asidi inayochoma mapafu na kula vyuma vya mashine. Ndiyo sababu viwanda vimetengeneza nyaya za moshi mdogo zisizo na klorini kwa mahali ambapo watu wanapaswa kubaki kazini hata moto ukiwaka.

Sheria inayopita kwenye karatasi

Kuandika sheria kulikuwa rahisi kuliko kuitekeleza. Vituo vingi vilikuwa vimekwisha kujengwa, na kuhamisha nyaya kilomita kwa kilomita ni gharama kubwa. Wenye vituo waliomba ruhusa za pekee, na NRC ilitoa nyingi.

Wengine walifunika nyaya zao kwa kifaa kilichoitwa Thermo-Lag, kilichouzwa kama kinga ya saa moja au saa tatu. Vipimo vya mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990 vilionyesha kwamba mara nyingi hakikufika muda huo. Mwaka 1992 NRC ilitoa onyo, na wenye vituo wakalazimika kurudi kwenye nyaya ambazo walidhani zimelindwa. Mwaka 2004 ilifungua njia nyingine, ambayo kituo kinaweza kuhesabu hatari ya moto chumba kwa chumba badala ya kufuata vipimo vile vile kila mahali.

Nchi zingine zilipata somo lao wenyewe. Mwezi wa 12 mwaka huo huo wa 1975, katika kituo cha Greifswald, Ujerumani ya Mashariki, fundi wa umeme aliyetaka kuonyesha wanafunzi wake jambo fulani kuhusu umeme alisababisha moto mkubwa wa nyaya. Habari hiyo ilifichwa kwa raia hadi utawala ulipobadilika. Mwaka 1989, moto wa mashine ya kuzalisha umeme huko Vandellòs, Uhispania, uliharibu mitambo kadhaa ya kituo. Kinu hicho hakikuwashwa tena.

Kwa nini habari hii inatuhusu

Kongo haina kituo cha umeme wa nyuklia. Ina historia: urani ya Shinkolobwe, Katanga, ilitumiwa katika bomu la Hiroshima mwaka 1945, na kinu kidogo cha utafiti cha Kinshasa, kilichowashwa mwaka 1959, kilikuwa cha kwanza barani Afrika. Kwa sasa Koeberg, Afrika Kusini, ndicho kituo pekee cha nyuklia kinachouza umeme barani, huku Misri ikijenga chake El Dabaa.

Lakini majirani wanasogea. Uganda imetangaza mpango wa kituo huko Buyende. Rwanda ilitia sahihi mwaka 2023 mkataba wa kujaribu kinu cha aina mpya. Mkaaji wa Goma, Bukavu au Bunia ana haki ya kujua maswali ya kuuliza. Nyaya za pampu ya kwanza na ya pili zinapita wapi? Nani amepima vifuniko vyake, mwuzaji mwenyewe au mtu mwingine? Na moto ukiwaka, nani ana mamlaka ya kusema: mwaga maji?

Somo lina nafasi pia katika nyumba ya mbao yenye prizi moja iliyobeba friji, pasi na simu tano. Waya unaopata moto, uliobanwa na zingine, uliopita ndani ya ukuta bila kizuizi, unafanya kazi ile ile uliyofanya Alabama: unapeleka moto kwa jirani.

Browns Ferry kinaendelea kutoa umeme hadi leo, kwa vinu vyake vyote vitatu. Katika mashauri ambayo NRC iliwaandikia wenye vituo baada ya moto ule, kuna mstari mmoja mfupi kuhusu kutafuta matundu ya hewa. Unasema kazi hiyo ifanywe kwa vifaa vyake maalum, na kwamba moto wa wazi usiruhusiwe.