Umri wa chachu si hoja

Swali ni lile lile, na huja kila mtu anapopata bahasha ya chachu ya unga na maji, iliyokaushwa, kutoka Marekani: "Mtaalamu, hii chachu ni ya mwaka 1847. Mkate wake si utakuwa mtamu kuliko wa chachu niliyoianzisha mwenyewe?" Hapana. Nimelijibu kwa mdomo hadi nimechoka, leo naliandika.

Kisa chenyewe ni kizuri. Carl Griffith, ofisa mstaafu wa jeshi la anga, alisimulia kuwa wazee wake waliibeba chachu hiyo mwaka 1847 kutoka Missouri hadi Oregon, mwendo wa kilomita zipatazo 3,200 kwa magari ya maksai. Akawa anaigawa bure kwa yeyote aliyemtumia bahasha yenye stempu, na tangu afariki mwaka 2000 watu wa kujitolea wanaendelea kuigawa. Kwa ukarimu huo sina neno.

Neno ninalo kwa wanaodhani chachu hukolea kadiri inavyozeeka. Pigeni hesabu. Kila unapoilisha unabakiza nusu, unaongeza unga na maji mapya. Baada ya kuilisha mara kumi, ile ya mwanzo imebaki chini ya sehemu moja kwa elfu. Baada ya mara mia, yaani miaka miwili kwa anayelisha kila wiki, haibaki hata molekuli moja ya unga wa kwanza. "Lakini vijidudu vyake ni vitukuu vya wale wa 1847!" Labda. Nani atathibitisha? Makala ya mwanasayansi Louis Pasteur kuhusu uchachukaji unaozaa asidi ya laktiki ilitoka mwaka 1857, miaka kumi baadaye. Wale waliokuwa njiani hawakujua kilichokuwa kikiishi kwenye chombo chao, na sampuli ya kulinganisha haipo. Isitoshe, kila kijiko cha unga huleta hamira za porini na bakteria wengine wanaogombea chakula na wenyeji. Hushinda anayeuweza unga wako, joto la jiko lako na uvivu wako wa kulisha.

Hata jina la mji chachu ilikotoka halisaidii. Bakteria aliyepewa jina la San Francisco mwaka 1971, akadhaniwa mali ya mji ule, amekutwa kwenye chachu za Ulaya pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulichunguza chachu 500, nyingi za Marekani, na mahali zilipotoka palieleza kidogo mno tofauti zake.

Tena, msidhani kila mkate wa safari ile ya Oregon uliumuliwa kwa chachu. Vitabu vya kuwaongoza wahamiaji viliwashauri wabebe soda ya kuumulia, na walipofika Wyoming wengine waliizoa bure kwenye maziwa ya magadi karibu na mto Sweetwater. Magadi, ndugu zangu! Hayo hakuna anayeniletea kwenye bahasha.

Sasa ya kufanya, maana najua ndiyo mliyoyafuata. Changanya unga wa ngano usiokobolewa na maji kwa uzito sawa, funika bila kukaza, lisha kila siku kwa wiki moja hadi mbili. Povu la siku ya pili lisikudanganye. Mara nyingi ni bakteria tu, hamira bado. Ikishazoea kuumuka maradufu kila unapoilisha, oka. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa ilishe mara mbili kwa siku, gramu 50 za chachu kwa 50 za unga na 50 za maji; kama huwezi, iweke kwenye friji na uilishe kila wiki. Unasafiri? Ipake nyembamba kwenye karatasi ya kuokea, ikauke, uivunjevunje. Ikinuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, ina njaa. Ukiona michirizi ya waridi au ya chungwa, tupa yote, hata kama uliambiwa ni ya mwaka 1847.