Kiu ikikushika River Road: Jinsi ya kuchagua baa na ufike home salama

IJUMAA ya mwisho wa mwezi, saa kumi na moja jioni. Ukivuka Tom Mboya ukitokea Moi Avenue, Nairobi inabadilika ghafla. Makanga wanaita abiria kwa fujo, mikokoteni inapenya katikati ya mathree, spika za maduka zinashindana, na moshi wa mutura umeanza kupanda kando ya barabara. Hapa hakuna anayekuuliza umevaa viatu gani. Ndiyo maana vijana wengi, hasa wale ambao mshahara wao huisha kabla ya mwezi, huteremka River Road na vichochoro vyake wakitafuta kinywaji.

Wenzao wa Westlands huwacheka. Kwao, River Road ni mahali pa kuibiwa simu. Siwalaumu, maana simu huibwa kweli. Lakini ni hapa pia utamkuta dereva wa lori, mwanachuo, fundi wa simu na mama muuza mitumba wameketi meza moja wakibishana kuhusu Gor na AFC, kila mmoja na chupa yake.

Nimekunywa upande huu wa tao kwa miaka kadhaa. Nimejifunza kwamba baa za huku hazifanani hata kidogo, na kuchagua vibaya kunaweza kukugharimu simu, macho au uhai. Kwa hivyo leo tuongee kama watu wazima. Na kama hujafika miaka 18, makala haya hayakuhusu. Rudi baadaye.

Anza na ngazi

Baa nyingi za River Road ziko ghorofani. Chini kuna duka la mbegu, vipuri au simu. Kando yake kuna mlango mwembamba, kisha ngazi. Hizo ngazi ndizo mtihani wa kwanza. Je, zina taa? Kuna watu wanaopanda na kushuka, au ni vijana wawili tu wamesimama hapo wakikukagua mfuko? Ukiona giza na kimya, geuka. Baa hazijaisha.

Ukishafika juu, angalia kaunta. Nyingi zimezungushiwa wavu wa chuma na pesa hupitia kwenye kidirisha kidogo. Mgeni huona kama ametukanwa. Usikasirike, huo wavu unalinda chupa na mtu wa kaunta. Mhudumu naye atakuambia, "Lipa kwanza, mkubwa." Hiyo pia ni baraka. Ukilipa kila raundi unapoagiza, bili haiwezi kuzaa usiku ukiwa umechangamka.

Halafu tazama wanywaji. Baa yenye wazee wawili watatu wanaosoma gazeti, na wahudumu wanaowaita wateja kwa majina, ni mahali ambapo watu hurudi. Mteja hurudi pale ambapo hakudhulumiwa jana.

Fuata muziki

Mtaa huu ndio roho ya muziki na filamu za lugha za mama, hadi ukapewa jina la Riverwood. Hivyo baa nyingi huchagua wateja wake kwa muziki. Kuna za benga ya Waluo, kuna za benga ya Wakamba, na kuna za mugithi, ambapo mtu mmoja na gitaa lake huweza kuwainua watu wazima wakashikana viuno na kuzunguka meza kama garimoshi.

Huna haja ya kujua lugha. Mimi si wa kabila la mugithi, lakini nimewahi kuburutwa kwenye hiyo treni na mama wa umri wa shangazi yangu, na sikuachiliwa hadi wimbo ulipoisha. Jioni kama hiyo hulipi kiingilio, na hakuna bausa wa kukuambia kofia yako haifai.

Wala si jambo jipya. Meja Mwangi alipoandika riwaya yake ya Going Down River Road mwaka wa 1976, wahusika wake walikuwa watu wa mjengo waliokuja huku kunywa baada ya kazi. Karibu miaka 50 baadaye, watu wa mjengo bado wapo, vumbi la saruji likiwa kwenye suruali.

Ukiwa huna chapaa

Sasa tuseme ukweli. Kuna siku hata chupa moja ya bia ni ndoto. Hapo ndipo maamuzi mabaya hufanyika.

Nairobi imekuwa ikipanga watu kwa vileo tangu zamani. Enzi za ukoloni, kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kununua bia ya chupa. Baraza la mji lilimuuzia pombe ya kienyeji katika ukumbi wake huko Pumwani, na faida ikabaki na baraza. Siku hizi hakuna anayekuzuia kwa sheria, ila bei inakuzuia vizuri tu.

Keg ililetwa kwa sababu hiyo. Senator ilianza kuuzwa mwaka wa 2004 baada ya serikali kupunguza ushuru, ili mtu wa kipato cha chini apate bia halali badala ya pombe haramu. Mwaka huo huo Barack Obama alichaguliwa kuwa seneta Marekani, na wanywaji wakaibatiza keg jina la "Obama". Mwaka wa 2013 serikali ikapunguza nafuu hiyo ya ushuru. Bei ikapanda, mauzo yakaporomoka, na wengi wakarudi kwa vinywaji vya bei rahisi visivyojulikana vimetoka wapi. Mei 2014, makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa baada ya kunywa pombe yenye methanoli.

Haikuwa mara ya kwanza. Novemba 2000, pombe ya "kumi kumi" iliua zaidi ya watu 100 hapa Nairobi, wengi wao wakiwa wa Mukuru kwa Njenga. Baadhi ya walionusurika walibaki vipofu. Walikuwa watu kama wewe na mimi, waliokuwa na sarafu kumi mfukoni na kiu.

Kwa hivyo, ukiwa umesota, keg ya baa inayouza haraka ni sawa. Kaa karibu na kaunta uone ikimiminwa kutoka kwenye mtungi. Jagi likija likiwa limejazwa kutoka chumba cha nyuma, uliza maswali.

Ukinunua pombe kali, iwe robo au mzinga, tazama kizibo kwanza. Kisha tafuta stempu ya ushuru ya KRA. Kuna programu ya simu iitwayo Soma Label ambayo huikagua kwa sekunde chache. Najua unaona aibu kufanya hivyo mbele ya wasee. Fanya tu. Na ile ya kupimiwa kwa kijikombe kutoka kwenye kidumu kisicho na jina, hata kama ni ya bure, iache.

Mwenzako akianza kulalamika kwamba haoni vizuri, hata kama ni saa nyingi baada ya kunywa, usimwambie alale itaisha. Mkimbize hospitali mara moja.

Mchele usio wa pilau

Hatari nyingine huku ina jina tamu: mchele. Ni dawa inayotiwa kwenye kinywaji chako ulale, uporwe. Watu husema ni kina dada wanaowawekea wanaume. Si kweli kwamba ni wao tu, na si wanaume peke yao wanaowekewa.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikunywa na jamaa niliyekuwa nimemjua kwa dakika 20. Alikuwa mcheshi ajabu. Alininunulia raundi, nikaenda msalani, nikaacha chupa mezani. Kitu kinachofuata ninachokumbuka ni adhana ya alfajiri na baridi ya saruji mgongoni. Simu, pochi na kiatu kimoja vilikuwa vimeenda. Nilipofaulu kurejesha laini, akaunti yangu ilikuwa imefagiliwa, na mkopo juu. Mpaka leo sijui walitaka kiatu kimoja cha nini.

Aliyenipa nauli ya kurudi nyumbani ni mama wa chai aliyekuwa akiwasha jiko lake hapo karibu. Hakunihubiria. Alinipa kikombe cha chai na mandazi, kisha akaniambia kwamba chupa ni kama mtoto, huwezi kumwachia mtu usiyemjua.

Tangu siku hiyo nina kanuni tatu. Chupa ifunguliwe mbele yangu. Nikienda msalani nikiwa peke yangu, niimalize au niiache moja kwa moja, nirudi ninunue nyingine. Na tukienda wanne, turudi wanne. Hakuna kumwacha dada yetu eti amepata marafiki wapya, wala kumwacha jamaa eti ni mwanaume atajipanga.

Kabla mathree haijajaa

Sheria ya mwaka wa 2010, ile tuliyozoea kuiita ya Mututho, iliziwekea baa za kawaida saa za kuuza: saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Unajua na mimi najua kwamba si kila mlango hufungwa saa tano. Lakini kwa mtu wa Githurai au Kayole, saa tano ni saa nzuri. Bado kuna watu barabarani na bado kuna gari. Baada ya hapo nauli hupanda jinsi makanga anavyojisikia, na vichochoro huwa na wenyewe.

Weka nauli kando kabla ya raundi ya kwanza. Mimi huiweka ndani ya soksi. Gari, kama unalo, liache nyumbani.

Njaa ikikubana, shuka ule mutura na kachumbari, au utafute kibanda chenye supu ya moto. Asubuhi supu hiyo hiyo itakusaidia kichwa.

Nami, kila nikishuka River Road mwisho wa mwezi, hupitia kwanza kwa yule mama wa chai. Nilimrudishia nauli yake zamani, lakini bado hunitazama miguuni kabla ya kunisalimia, kuhakikisha viatu ni viwili.