Uhaba wa Wahandisi Mijini: Je, Shahada Pekee Ni Tiba?

Ni jambo lisilopingika kwamba miji ya nchi zinazoendelea inapanuka kwa kasi inayoupita uwezo wa kuijenga ipasavyo. Sensa ya mwaka 1999 iliwakuta watu 2,143,254 jijini Nairobi. Ile ya 2019 iliwakuta 4,397,073. Kila mkazi aliyeongezeka anahitaji nyumba, maji na mfereji wa majitaka, na hayo yote yanahitaji mhandisi. Panapokosekana usimamizi, hasara haihesabiwi kwa fedha pekee. Mnamo Aprili 2016, jengo la ghorofa liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, na takriban watu 50 wakaangamia.

Tiba inayopendekezwa mara kwa mara ni kuongeza wahitimu wa vyuo vikuu. Makala hii inashikilia kwamba hiyo ni nusu tu ya tiba. Uhandisi ni ngazi yenye vidato vitatu: mhandisi hukokotoa na kusanifu, fundi sanifu hupima, hukagua na kusimamia, fundi mchundo hutekeleza kwa mikono. Kidato cha kati kikivunjika, mhandisi mmoja hawezi kuwa kwenye majengo kumi kwa wakati mmoja.

Nchini Kenya, kidato hicho kimetikisika. Kenya Polytechnic, iliyosifika kwa kuwaandaa mafundi sanifu, ilifanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007 na chuo kikuu kamili mwaka 2013. Stashahada hazikufutwa, lakini macho ya vijana na wazazi yaligeukia shahada. Aidha, shahada yenyewe haitoshi: chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, mhitimu hana budi kupata uzoefu wa kazi wa miaka isiyopungua mitatu kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi kamili. Asipopata wa kumlea kazini, hubaki na cheti chake mlangoni mwa taaluma. Kwa hiyo, kila mradi wa umma ungepaswa kutenga nafasi za wanagenzi, wahitimu na mafundi sanifu kwa pamoja.

Lipo pia suala linalotuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Michoro na kanuni za ujenzi huandikwa kwa Kiingereza, ilhali waashi na vibarua huelekezana kwa Kiswahili. Chukua mfano wa zege. Likizidishiwa maji humiminika kwa urahisi, lakini likikauka huwa dhaifu. Tena huhitaji kutunzwa na unyevu kwa siku kadhaa, na nguvu zake kwa desturi hupimwa baada ya siku 28. Huhimili sana kubanwa lakini si kuvutwa. Ndiyo maana hutiwa vyuma. Fundi mchundo aliyeambiwa tu "usiongeze maji" hutii mhandisi akiwapo. Aliyeelezwa sababu kwa lugha anayoielewa hutii hata akiwa peke yake. Miongozo ya Kiswahili sanifu, iliyoandaliwa na wanaisimu pamoja na wahandisi, ingeyafikisha maarifa ya mhandisi mmoja kwenye mikono mingi.

Kwa kuhitimisha, miji haitangoja vyuo vikuu vihitimishe wahandisi wa kutosha. Hapana budi kuongeza wahandisi, kukiimarisha kidato cha kati na kuitumia lugha ya wajenzi. Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Huruma imetuonyesha kwamba wapo ambao hawakupata hata fursa ya kuujenga huo ukuta.