Dengu kwa Watu wa Kambini

Mkipiga kambi kujenga shule, msile ugali kwa chumvi tu. Pikeni dengu, zile zinazolimwa sana Shinyanga. Zinajenga mwili. Kwa watu 20, kilo 2 za dengu kavu zinatosha.

Ziloweke jioni. Maji yawe mara tatu ya dengu, maana zinavimba kweli. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mapya, chemsha mpaka dengu ipondeke kwa vidole. Usipoziloweka, kuni zitakwisha, watu watarudi na njaa, na dengu bado ngumu!

Nyanya je? Ngoja kwanza. Uchachu wake huzuia dengu kulainika. Zikishaiva, kaanga vitunguu na nyanya, zimimine humo, tia chumvi. Ponda upawa mmoja wa dengu, uurudishe sufuriani, mchuzi uwe mzito.