Kikohozi kisichosikia dawa ya tuberkilozi

Mutu anakohoa miezi, anakonda, jasho linamtoka usiku, pengine anatema damu. Jirani wote watasema: ni tuberkilozi. Mara nyingi ni kweli. Lakini makohozi yakipimwa zaidi ya mara moja bila kuonyesha kitu, na dawa imemezwa vizuri bila nafuu, inafaa kufikiria jambo lingine, zaidi kama mgonjwa ana virusi vya SIDA: sarkoma ya Kaposi ndani ya mapafu.

Hii ni kansa ya utando wa mishipa midogo ya damu na limfu. Moritz Kaposi aliielezea kule Vienna mwaka 1872. Virusi vinavyoileta, HHV-8, viligunduliwa mwaka 1994. Wengi wanavyo bila kuugua. Kinga ya mwili ikishuka, ndipo kansa inapata njia. Huku Kongo na Uganda ilijulikana hata mbele ya SIDA.

Alama ya kwanza haihitaji mashine. Munganga anachukua taa, anaangalia juu ndani ya kinywa, kiisha miguu, mgongo, uso. Anatafuta madoa ao vivimbe vya rangi ya zambarau. Kwenye ngozi nyeusi vinaonekana kama makovu meusi, kwa kawaida haviwashi wala haviumi, kwa hiyo mgonjwa mwenyewe havitaji. Inabidi kumuuliza. Kipande kidogo cha ngozi kinakatwa na kupimwa laboratware. Kukata pafu lenyewe kunaogopesha, juu linaweza kutoka damu nyingi.

Radio ya kifua huonyesha vivuli pande zote mbili, kuanzia katikati, na pengine maji ndani ya kifua; yakivutwa, mara nyingi yana damu. Mahali penye bronkoskopi, munganga anaingiza mpira mwembamba wenye kamera na kuona madoa mekundu kwenye njia za hewa. Hayo, bila kukata, yanaweza kutosha. Kuna wagonjwa wasio na doa lolote kwenye ngozi, na kwao kazi ni ngumu sana.

Kuchelewa kuna bei yake. Vidonge kama predinizoloni, ambavyo watu wanapenda kununua kwa ajili ya pumzi, vinaweza kuongeza Kaposi. ARV ni lazima, lakini ikifika mapafuni hazitoshi peke yake: inahitaji kemoterapi pia. Na magonjwa haya mawili yanaweza kukaa ndani ya mutu mumoja, basi mgonjwa asiache dawa ya tuberkilozi mpaka munganga aseme.