SHABA ISIYODUMU YAFICHUA UGONJWA WA INI

Tazama waya wa umeme uliomenywa. Waona madini ya namna moja tu, mekundu na yenye kung'aa. Kumbe ndani yake zimechanganyika shaba mbili, na hapana mhunzi awezaye kuzitenga kwa moto wala kwa nyundo.

Kila atomi ya shaba ina protoni 29 katika kiini chake. Zikiwa 28, hiyo ni nikeli. Zikiwa 30 ni zinki. Pamoja na protoni hukaa nyutroni, na hizo ndizo zinazotofautiana hesabu. Atomi nyingi za shaba zina nyutroni 34, na jumla yake ni 63. Nyingine zina 36, jumla 65. Katika kila atomi 100, kama 69 ni za kwanza na 31 ni za pili. Atomi hizo zenye jina moja na uzito mbalimbali huitwa isotopi. Mwingereza Francis Aston ndiye aliyezipambanua hizi za shaba, mwaka 1923.

Shaba hizo mbili hazigeuki kamwe. Lakini iko ya tatu, shaba 64, na hiyo hutaichimba Katanga wala Chile. Hutengenezwa na watu. Mashine iitwayo saiklotroni hukimbiza protoni kwa nguvu nyingi na kuzipiga juu ya nikeli yenye uzito wa 64. Protoni moja yaingia, nyutroni moja yatoka, na nikeli yawa shaba. Nayo haitulii. Kwa muda wa saa 12 na dakika 42 nusu yake imekwisha geuka, nyingine kuwa nikeli tena, nyingine kuwa zinki, na katika kugeuka huko hutoa mionzi. Ukingoja muda kama huo tena, imebaki robo.

Je, kitu kisichodumu hata siku mbili chamfaa nani? Chamfaa mgonjwa.

Mwaka 1912 daktari Kinnier Wilson wa London alieleza ugonjwa unaowapata vijana: mikono hutetemeka, ulimi huwa mzito, na ini limeharibika. Baadaye ilijulikana kwamba shaba ndiyo iliyowajaa. Sote twala shaba, katika maini, karanga na maharagwe, na mwili waihitaji kidogo. Inayozidi hutolewa na ini pamoja na nyongo. Kwa mgonjwa huyu njia hiyo imeharibika tangu kuzaliwa. Shaba hujaa katika ini, kisha katika ubongo, na pengine duara la rangi ya kahawia huonekana ukingoni mwa mboni ya jicho. Ni rahisi jirani kumdhania amelewa, au amerogwa.

Basi tangu miaka ya 1950 madaktari waliituma shaba 64 ikapeleleze. Mwili haubagui atomi kwa uzito. Huipokea kama shaba yoyote. Mtu mwenye afya akimeza kidogo, mionzi huonekana katika damu, kisha hupungua kwa kuwa ini limeichukua shaba. Baadaye hupanda tena, maana ini limeifunga shaba katika protini na kuirudisha damuni. Kwa mgonjwa wa Wilson, kupanda huko kwa pili hakuonekani.

Shida ni haraka. Saiklotroni ikiwa mbali, shaba hupungua ingali njiani. Ndiyo maana shaba 65 nayo imetumika: haina mionzi, na maabara huhesabu tu imezidi kiasi gani katika damu. Kwa mtoto hiyo ni nafuu. Siku hizi aghalabu madaktari huanza kwa kupima damu, macho na mkojo wa saa 24. Shaba 64 imepata kazi nyingine pia: mwaka 2020 Marekani iliruhusu dawa yenye shaba hiyo, ya kuonyesha mahali zilipojificha kansa za namna fulani.

Ugonjwa wa Wilson una dawa. Penisilamini, iliyoletwa na daktari John Walshe mwaka 1956, huivuta shaba itoke kwa mkojo. Na zinki huzuia matumbo yasiipokee. Lakini dawa hunywewa maisha yote. Tena ugonjwa hurithiwa kwa baba na mama pamoja, nao wenyewe huwa wazima kabisa. Kila mtoto wao ana bahati mbaya moja katika nne. Kwa hiyo mmoja akionekana anao, ndugu zake wa tumbo moja hupimwa wote, hata anayecheza mpira bila dalili yoyote, kabla ini halijaharibika.